Kiwavi Ndani ya Muwa: Mwongozo kwa Mkulima Mdogo wa Mountain View

Ukikata muwa nyuma ya nyumba ukakuta tundu dogo la mviringo karibu na mizizi, na chini yake unga wa kahawia kama wa msumeno, usikimbilie duka la dawa. Chukua kisu uupasue kwa urefu. Muwa mzima huwa mweupe au manjano hafifu ndani, na maji yake hutoka mara unapoukandamiza. Ulioingiliwa una njia iliyochimbwa katikati ya pingili, kuta za njia hiyo zimegeuka nyekundu, na ukinusa unapata harufu ya kitu kilichoanza kuchacha. Mara nyingi mchimbaji mwenyewe utamkuta bado yumo.

Mchimbaji huyo ni kiwavi, yaani mtoto wa nondo. Nondo ni wale wadudu wa usiku wenye mabawa ya ungaunga, jamaa wa kipepeo. Nondo aliyekomaa hali muwa, wala hana meno ya kuutafuna. Kazi yake ni kutafuta mwenzake, kutaga na kufa, na yote hayo huyamaliza kwa muda wa wiki moja hivi. Anayeharibu ni mtoto, tena akiwa amejificha ndani ya bua lenye ganda gumu. Kumbuka hilo, kwa sababu karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana nalo.

Anayeogopwa zaidi na wakulima wa miwa barani Afrika ni nondo ambaye wataalamu humwita Eldana saccharina. Alipewa jina hilo mwaka 1865 kutokana na nondo waliopatikana kwenye miwa ya Sierra Leone. Ni mwenyeji wa bara hili. Muwa ndio mgeni, maana ulianza kulimwa mbali huko Guinea Mpya na Asia kabla haujafika kwetu. Kabla ya mashamba ya miwa, mdudu huyu aliishi kwenye mafunjo na ndago kubwa za kandokando ya mito na maziwa, na hadi leo bado anapatikana huko. Binadamu alipopanda miwa ekari kwa ekari karibu na maji, alikuwa amemwandalia chakula kitamu zaidi kuliko mafunjo. Afrika Kusini walimwona kwenye miwa ya Umfolozi mwaka 1939, akapotea mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akaibuka upya Hluhluwe mwaka 1970, na tangu hapo hajawaacha. Huku kwetu anajulikana Uganda, magharibi mwa Kenya na Tanzania, ambako shamba la Arusha Chini karibu na Moshi lilisumbuliwa naye kiasi cha kufanyiwa utafiti miaka ya 1960 na 1970.

Utauliza, je, mdudu wa nchi za joto anafanya nini hapa Mountain View, Nairobi, mahali penye baridi ya Julai inayomfanya mtu avae koti mchana? Ni swali zuri. Mtaa huu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Eldana hupendelea chini zaidi. Hivyo tundu utakaloliona kwenye muwa wako huenda likawa la mmoja wa jamaa zake. Wako watatu wa kuwajua. Wa kwanza ni Busseola fusca, nondo wa nyanda za juu ambaye kazi yake kuu ni kuharibu mahindi. Huyu ndiye aliyezoea baridi ya Kabete na Kiambu. Wa pili ni Chilo partellus, aliyetoka Asia, akaonekana Afrika kwa mara ya kwanza Malawi mwaka 1930, na baadaye akaenea Afrika Mashariki yote. Wa tatu ni Sesamia calamistis, Mwafrika mwingine. Wote hawa Wakenya wengi huwaita funza wa mabua, na ukivuka mpaka kwenda Tanzania utasikia wakiitwa bungua.

Je, unaweza kuwatofautisha bila darubini? Kwa kiasi, ndiyo. Mtoe kiwavi umweke kwenye kiganja au kwenye sahani nyeupe, kisha mguse kwa kijiti. Eldana ni mwepesi mno. Atajipindapinda kwa nguvu, atarudi nyuma, na pengine atajiangusha akining'inia kwenye uzi mwembamba wa hariri. Rangi yake ni kahawia hafifu hadi kijivu cheusi. Chilo ana rangi ya maziwa, na mgongoni ana madoa yaliyojipanga kwa mistari. Sesamia ni laini, hana madoa, na ana wekundu hafifu wa waridi. Busseola naye ana rangi ya krimu, wakati mwingine yenye wekundu au ukijivu kidogo, na mwendo wake ni wa taratibu. Mahali alipotoboa pia panakupa dokezo. Eldana hushambulia muwa uliokomaa, naye huanzia pingili za chini. Wale wengine mara nyingi huingia kwenye chipukizi changa, na dalili yake ni jani la katikati kukauka huku majani ya pembeni yakiwa bado ya kijani. Ukilivuta jani hilo, linang'oka bila ubishi.

Usimchanganye yeyote kati yao na viwavijeshi vamizi walioingia Kenya mwaka 2017 wakaharibu mahindi. Wale hula zaidi majani na moyo wa mhindi, nao huonekana kwa macho wakiwa juu ya mmea. Dawa na mbinu zilizotangazwa redioni kwa ajili yao si za kiwavi aliyejifungia ndani ya muwa.

Sasa, ukaguzi. Unao miwa yako mafungu kadhaa kando ya ua, au kipande cha ardhi bondeni kuelekea Kangemi au Uthiru. Ufanye nini na lini? Muwa ukiwa chini ya miezi minane, pita mara moja kwa mwezi ukiangalia chipukizi zilizokauka katikati. Ukishafika miezi minane au tisa, ongeza bidii, pita kila wiki mbili. Anza chini. Vua majani makavu yaliyoshikamana na bua, kisha tazama pingili kwa pingili hadi usawa wa goti lako. Unatafuta vitu vitatu: tundu, ule unga wa kinyesi cha kiwavi, na mayai. Mayai ya Eldana ni madogo sana, ya manjano, yaliyobanwa kwa makundi mahali pa siri kama nyuma ya ganda la jani kavu au ndani ya jani lililojikunja. Nondo mmoja jike anaweza kutaga mamia. Hutahitaji kifaa chochote zaidi ya macho yako na glavu za bustani, maana majani ya miwa hukata ngozi. Mwenye macho ya kuchoka anaweza kununua kioo cha kukuzia kwenye duka la vitabu.

Kazi hiyo ya kuvua majani makavu si ya ukaguzi tu. Ndiyo dawa yenyewe, au sehemu kubwa ya dawa. Nondo jike akikosa pa kuficha mayai, ataondoka. Na yale mayai atakayotaga mahali peupe yataliwa na sisimizi. Wakulima wengi wa mjini huwaonea sisimizi, wakawamwagia mafuta ya taa au maji moto kila wanapowaona. Kwenye shamba la miwa waache. Sisimizi, buibui na nyigu wadogo ndio walinzi wasiolipwa, nao hufanya kazi usiku na mchana. Majani uliyoyavua usiyarundike kwenye shina la muwa. Yapeleke kwenye shimo la mboji, mbali na miwa, au mpe mwenye ng'ombe akatandikie zizi.

Ukipata muwa uliotobolewa, usiuache eti ukomae kidogo. Hautapona, na kila siku inayopita unamkuza mdudu. Ukate chini kabisa, sawasawa na udongo. Hapa ndipo watu wengi hukosea: hukata kwa urefu wa kiwiko ili wasiiname, wakaacha kisiki, na ndani ya kisiki hicho viwavi wanaendelea kula kama kwamba hapajatokea jambo. Ukishakata, funika kisiki kwa udongo. Muwa utachipua tena kutoka chini, ndiyo kawaida yake. Mzao huo wa pili wakulima wa mashamba makubwa huuita ratuni.

Na bua lililokatwa ulipeleke wapi? Ukilitupa kando ya ua, umemhamisha kiwavi mita tatu tu. Atamalizia ukuaji wake humo humo, ajifungie kwenye kifuko cha hariri, kisha atoke nondo. Safari yote kutoka yai hadi nondo huchukua miezi miwili hivi kwenye joto, na zaidi kwenye baridi yetu. Njia bora ni ng'ombe. Mwenye mashine ya kukata nyasi atakukatia mabua vipande vidogovidogo, viwavi watakufa kwenye visu, na ng'ombe atafurahi, ila zile sehemu zilizooza au kuota ukungu zitenge kwanza. Asiye na ng'ombe ayakatekate kwa panga ayazamishe kwenye pipa la maji kwa wiki moja, kisha ayatie kwenye mboji. Kuchoma moto kunawezekana shambani, lakini mtaani ni kutafuta ugomvi na majirani na maafisa wa mazingira, na moshi wake haumpendezi mtu yeyote aliyeanika nguo. Ushauri wa kuyafunga kwenye mfuko wa nailoni na kuuacha juani utausikia pia. Ukumbuke tu kwamba mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumia pipa lenye kifuniko.

Gharama ya haya yote? Panga unalo, na jasho ni lako. Ukimwita kijana wa kibarua akusaidie kusafisha na kukata kwa siku moja, patana naye mapema. Shilingi 500 hadi 800 ndiyo bei ya kawaida mtaani kwa kazi ya namna hiyo. Kwa bustani ndogo, siku moja inatosha kabisa.

Dawa je? Hapa nitasema wazi: kwa miwa ya nyumbani, achana nayo. Dawa ya kunyunyizia hutua juu ya majani na ganda. Kiwavi yuko ndani, na mlango wake ameuziba kwa kinyesi chake mwenyewe. Utakachoua ni sisimizi, nyigu na nyuki, yaani wale wale waliokuwa wakikusaidia. Tena muwa huliwa kwa meno, mtoto huumenya kwa mdomo bila kuosha. Mashamba makubwa ya Afrika Kusini yanayonyunyizia hufanya hivyo kwa vipimo maalumu, wakimlenga kiwavi katika zile siku chache za mwanzo anapotambaa nje kabla hajatoboa. Mtu mwenye pampu ya lita tano nyuma ya nyumba hawezi kuzibahatisha siku hizo.

Majivu, pilipili na maji ya sabuni navyo havimfikii kiwavi aliyezama ndani. Mkulima wa mahindi anaweza kutia majivu au udongo kwenye moyo wa mhindi mchanga akapata nafuu, kwa sababu pale kiwavi bado hajaingia kwenye bua. Muwa wa miezi kumi ni habari nyingine.

Ikiwa bado una nia ya kununua dawa kwa ajili ya mahindi au mboga zilizo karibu, angalau soma kibandiko. Bidhaa halali huwa na namba ya usajili ya PCPB, ambayo ni bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu, na ofisi zake ziko Loresho, kando ya barabara ya Waiyaki, karibu nawe kabisa. Kibandiko kiwe kimetaja zao unalolipulizia, na kionyeshe idadi ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kula. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda na kuuzwa kwa kipimo cha kifuniko usiiguse, hata ikiwa bei yake inavutia.

Tukiacha dawa, kuna jambo linalosahaulika: afya ya muwa wenyewe. Muwa wenye kiu hushambuliwa zaidi. Nairobi tuna mvua ndefu kuanzia Machi hadi Mei na mvua fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Januari na Februari, na tena Julai hadi Septemba, miwa mingi hukaa kavu, na hapo ndipo unapopaswa kuimwagilia, au angalau kutandaza mboji juu ya udongo ili unyevu usipotee. Maji ya mto unaobeba majitaka usiyatumie, hata kama kila mtu bondeni anayatumia. Upande wa pili, usiuvimbishe muwa kwa mbolea. Mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia, kama vile CAN na yurea, ina naitrojeni nyingi, nayo ikizidi hutoa bua laini ambalo Eldana hulipenda. Samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila fungu wakati wa kupanda, inatosha kwa bustani. Watafiti pia wamegundua kwamba muwa uliopata silika ya kutosha, yale madini yanayopatikana kwenye mchanga, huwa na ganda gumu zaidi linalomchosha kiwavi mchanga.

Na muwa usikae mno shambani. Kiwavi huyu huongezeka kadiri muwa unavyozeeka. Huko Afrika Kusini, sehemu zilizovamiwa sana, wakulima walilazimika kukata mapema, miwa ikiwa na miezi kumi na miwili hivi, ingawa wangependa iendelee kujaza sukari. Kwa muwa wa kutafuna hasara ni ndogo, kwani ukishakuwa mtamu hakuna unachongoja. Kata, kula, uza, gawia jirani.

Wengi wetu tunaoishi kati ya Mountain View na Kangemi tuna shamba nyumbani, na kwa wengine shamba hilo ni la miwa: Mumias, Nzoia, Muhoroni, Awendo. Kama mzee wako anakupigia simu kulalamika kwamba uzito wa miwa umeshuka ilhali mvua ilinyesha, mwambie apasue mabua ishirini kutoka sehemu mbalimbali za shamba ahesabu yaliyotobolewa. Miwa ya kiwandani hulipwa kwa uzito, na bua lililochimbwa ni jepesi. Kiwanda nacho hupata hasara yake, maana ule wekundu ni kuvu inayokula sukari. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji katika viwanda kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyobaki ilikuwa michanga. Lakini kwa mdudu huyu hatari iko upande mwingine, pale kiwanda kinapochelewa kuleta trekta na miwa ikapitiliza. Mkulima aliyechelewa kuvunwa na asijue kuna kiwavi ndani anapoteza mara mbili. Kituo cha utafiti wa sukari kiko Kibos, nje kidogo ya Kisumu, na hapo ndipo mzee anapaswa kuuliza kuhusu aina ya miwa inayostahimili na mahali pa kupata mbegu safi.

Hiyo mbegu safi ndiyo hatua ya kwanza kwa anayeanza upya, hata mjini. Muwa haupandwi kwa punje. Hupandwa kwa vipande vya bua vyenye macho mawili au matatu. Kiwavi akiwa ndani ya kipande, umempanda yeye pia. Kabla ya kufukia, angalia ncha zote mbili za kila kipande. Ukiona doa jekundu au njia iliyochimbwa, kitupe hicho na kile kilichofuatana nacho kwenye bua hilo. Chukua mbegu kwenye muwa mchanga wa miezi minane hadi kumi, usichukue kwenye mabaki ya muuzaji wa mkokoteni ambayo hujui yametoka wapi. Na ukisafiri Uganda au Tanzania, usirudi na kipande cha muwa wa kupanda ndani ya begi. Mimea ya kupanda haiingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika linalolinda afya ya mimea. Kituo chao cha karantini, yaani mahali mimea ya kigeni inapowekwa chini ya uangalizi kwanza, kiko Muguga, mwendo mfupi kutoka hapa ukielekea Limuru.

Ukitaka mtu mwenye ujuzi akutazamie mdudu wako, una bahati ya kuishi mahali unapoishi. Sijui mtaa mwingine Kenya uliozungukwa na wataalamu wa wadudu kama huu. Maabara za kilimo za KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, zipo Kabete, kando ya barabara hii hii ya Waiyaki. Kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete. Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu waliohifadhiwa. Na upande wa pili wa jiji, Kasarani, kuna icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Watafiti wa icipe ndio walioleta kutoka Pakistan nyigu mdogo sana aitwaye Cotesia flavipes, wakamwachilia pwani ya Kenya mwaka 1993. Nyigu huyo hutaga mayai yake ndani ya mwili wa kiwavi wa Chilo, na watoto wake humla kiwavi akiwa hai. Amezoea nchi, akaenea.

Lakini anzia karibu zaidi. Kilimo kiko chini ya serikali za kaunti, na Mountain View ni wadi inayojitegemea ndani ya eneo bunge la Westlands. Uliza kwenye ofisi ya chifu au ya wadi namna ya kumpata afisa wa kilimo. Ushauri wake ni huduma ya umma, haulipiwi. Kaunti ya Nairobi ina sheria ya mwaka 2015 inayotambua kilimo cha mjini, kwa hiyo usione haya kusema unalima. Maabara, kwa upande mwingine, huweza kutoza ada kwa vipimo kama vya udongo, basi uliza bei kabla ya kukabidhi kitu.

Unapokwenda, usiende na picha ya simu iliyofifia. Mpeleke kiwavi mwenyewe. Mtie hai kwenye chupa ya plastiki yenye vitundu vidogo kwenye kifuniko, pamoja na kipande cha muwa alimokuwa. Kama hutaweza kwenda siku hiyo, mtumbukize kwanza kwenye maji yaliyochemka, kisha mhifadhi kwenye spiriti ya kusafishia vidonda, inayouzwa kwenye duka la dawa. Andika kwenye karatasi tarehe, mahali, umri wa muwa na sehemu ya bua ulikompata. Mtaalamu atakushukuru kwa karatasi hiyo kuliko kwa kiwavi.

Neno kwa wale wasiolima bali wananunua kipande cha shilingi 10 au 20 stejini Kangemi. Kiwavi si sumu, na kipande chenye tundu moja hakitakuua. Kata sehemu nyekundu na pingili iliyo karibu nayo, ule iliyobaki ikiwa nyeupe na tamu. Lakini muwa uliokaa siku nyingi hadi ukaota ukungu ndani, wenye rangi ya kahawia na ladha ya uchachu, tupa wote. Huko China watu wameugua vibaya ubongo, na baadhi wamekufa, hasa watoto, kwa kula miwa iliyohifadhiwa muda mrefu ikaota ukungu wa aina fulani. Wauzaji wanaomenya na kukata mbele yako ni salama zaidi kuliko vipande vilivyofungwa tangu asubuhi, kwa kuwa unaona ndani ya muwa kabla hujalipa.

Limebaki suala la mahindi. Karibu kila bustani ya mtaa huu yenye miwa ina mahindi pembeni, na hao nondo hawabagui. Baada ya kuvuna mahindi, watu hukusanya mabua wakayaegemeza kwenye ua yakingoja ng'ombe wa mtu. Busseola huupitisha msimu wa kiangazi akiwa amelala ndani ya mabua hayo, na mvua za Machi zinapoanza, anaamka, anageuka nondo na kuruka kwenda kwenye mimea michanga. Hakikisha mabua yamekatwakatwa au yameliwa kabla ya mwisho wa Februari. Mwenye nafasi zaidi anaweza kufuata mbinu ya icipe iitwayo vuta-sukuma: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza nondo kwa harufu yake, na matete ya kulisha ng'ombe kuzunguka shamba ili kuwavuta. Nondo hutaga kwa wingi kwenye matete, lakini viwavi wengi wanaoanguliwa humo hawaishi. Kwa miwa, Afrika Kusini wamejaribu jambo la namna hiyo kwa nyasi yenye harufu kali iitwayo Melinis, ambayo ina asili ya Afrika. Mwenye mafungu matano ya miwa hahitaji kufika huko.

Anachohitaji ni jirani. Nondo huruka juu ya ua bila kuuliza, na usafi wa upande mmoja hauna maana kama upande wa pili kuna mabua ya mwaka jana. Kabla hujashika panga, bisha hodi kwa jirani umwonyeshe muwa uliopasuliwa, mkubaliane kukata na kusafisha wiki moja, kabla ya mvua za Machi.